Mwenzi Wako Akilazwa Ghafla kwa Moyo: Majibu kwa Aliyebaki Nje ya Wodi

Shambulio la moyo likimkuta mtu usiku, wa kwanza kujua ni anayelala ubavuni mwake. Wakifika hospitali, mgonjwa hupewa kitanda, mashine na manesi. Aliyemleta huambulia benchi la nje na simu isiyoacha kuita. Majibu haya ni ya huyo wa kwenye benchi, awe mke au mume, na yamefuata zaidi hali ya hospitali za Tanzania.

Mume wangu alishika kifua usiku wa manane, akasema ni vidonda vya tumbo vimeamka. Ningejuaje kama ni moyo?

Kwa hakika usingejua. Hata daktari hajui mpaka apime. Ila kuna dalili za kukutia wasiwasi. Maumivu ya moyo hukaa katikati ya kifua, yanabana au kukandamiza, na mara nyingi hupanda shingoni na kwenye taya, au hushuka mkononi, hasa wa kushoto. Mgonjwa hutoka jasho la baridi, moyo unamchafuka, pumzi inakuwa fupi. Mwanamke, mzee au mwenye kisukari anaweza asiumwe kifua kabisa. Anachoka ghafla, anatapika, anakosa pumzi, basi.

Vidonda vya tumbo na gesi vimepoteza muda wa watu wengi. Mtu anameza omeprazole, anachemshiwa tangawizi, anaambiwa acheue, na huku saa zinakwenda. Maumivu ya kifua yaliyofika dakika 15 bila kuachia, tena yana jasho ndani yake, hayangoji kuche. Kama hana mzio wa aspirini, havuji damu popote, wala hana dalili za kiharusi kama mdomo kupinda au mkono kulegea, mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune; zile ndogo za 75 atafune nne. Asiendeshe gari mwenyewe, na bodaboda pia hapana: akizimia njiani ataanguka.

Akianguka, ukimwita haitiki na hapumui kawaida, moyo umesimama. Usimmwagie maji wala usimnyweshe kitu. Mlaze chali sakafuni, weka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu mpaka kifua kizame sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Piga kelele majirani waje mpokezane na watafute gari, maana ukifanya vizuri utachoka upesi sana.

Tulipofika mapokezi walianza kunihoji mimi badala ya kumhudumia yeye. Inahusu nini?

Kwa sababu wewe ndiye shahidi. Wakati unahojiwa, mwingine anatakiwa awe anamfunga zile waya za kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ambacho kinapaswa kufanyika ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Usipoona kinafanyika, ulizia kwa adabu na bila woga: "Nesi, ameshapimwa ECG?"

Swali kubwa kuliko yote ni maumivu yalianza saa ngapi. Shambulio la moyo ni donge la damu lililoziba mshipa unaoulisha msuli wa moyo, na msuli usiopata damu hufa kidogo kidogo. Dawa ya kuyeyusha donge hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na faida yake kubwa iko kwenye saa chache za mwanzo. Ukisema "tangu jana" kumbe ilikuwa saa saba usiku, umebadilisha uamuzi wa daktari. Jikumbushe kwa vitu vya nyumbani: taarifa ya habari ilikuwa imeisha? Adhana ya alfajiri ilikuwa bado?

La pili ni dawa anazotumia. Usihangaike na majina, piga picha paketi zote au zitie kwenye mfuko uje nazo. Na hapa kuna jambo ambalo wake wengi hawalisemi na waume wengi hawalikiri: vidonge vya nguvu za kiume. Mgonjwa wa kifua huweza kupewa dawa ya jamii ya naitreti chini ya ulimi ili mishipa itanuke. Ikikutana na vidonge hivyo, yaani sildenafil aliyomeza ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, presha inaweza kuporomoka hadi ikamuua. Vumbi la Kongo na mchanganyiko wowote wa mtaani navyo vitajwe, kwani ndani yake huwezi kujua kuna nini. Kama hujui alitumia au hakutumia, mwambie daktari amuulize akiwa peke yake. Alimeza kwa ajili ya nani, hilo mtakuja kuliongea siku nyingine.

Daktari anasema wanampeleka "kuzibua mshipa" na ananipa fomu nisaini. Nisaini?

Uliza kwanza, kisha usaini, na usichukue muda mrefu. Kuzibua mshipa hakuhitaji kupasua kifua. Mgonjwa anachomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, mpira mwembamba unapitishwa ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, dawa ya kuonekana kwenye eksirei inamwagwa ili waone palipoziba, kisha puto dogo linapanua pale na stenti inaachwa. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usijifunge tena. Muda wote huo mgonjwa yuko macho, na wengine hupiga soga na daktari.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini si mengi. Mshipa ulioziba ni mmoja au zaidi? Hatari ni zipi kwa mgonjwa huyu? Kama ana matatizo ya figo au anatumia metformin ya kisukari, wamejua? Ile dawa ya picha hupitia kwenye figo.

Zamani mgonjwa wa namna hii alikuwa anasubiri rufaa ya India. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ilipoanza kujitegemea mwaka 2015, kazi hiyo ikawa inafanyika Dar es Salaam, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ina mtambo wake. Mikoani hali ni tofauti. Aliyepata shambulio Songea au Kigoma, tumaini lake la haraka ni ile dawa ya kuyeyusha donge, halafu rufaa. Dawa hiyo ina hatari ya kutokwa damu, hata kwenye ubongo, ndiyo maana utaulizwa kama aliwahi kupata kiharusi au amefanyiwa upasuaji karibuni. Jibu ukweli. Na kama inapendekezwa aanze kupewa dawa hapo hapo mlipo, usishikilie kwamba lazima kwanza afike Dar.

Yuko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku ya tatu. Ananiangalia kama hanijui, jana alisema nataka kumwibia. Moyo umemharibu akili?

Mara nyingi hapana. Mtu mgonjwa sana, asiyelala, taa zinawaka usiku kucha, mashine zinalia, dawa kali zimo mwilini, huchanganyikiwa. Leo yuko sawa, kesho anaona watu ukutani. Wengi hurudi kawaida ndani ya siku au wiki chache. Mwambie nesi ameanza lini, kwa sababu homa, upungufu wa oksijeni au kiharusi pia huleta hali hiyo na lazima vichunguzwe.

Ukiingia kumwona, jitambulishe, mwambie leo ni siku gani na watoto wamelala wapi. Mpelekee miwani yake na kifaa cha kusikia kama anatumia. Usibishane na hayo maneno ya wizi. Mashine ikilia usikimbilie kudhani amekufa: mara nyingi ni waya umebanduka, au amejigeuza. Mtazame yeye kwanza, kisha nesi.

Ndugu zake wamejaa. Kila mtu anataka maelezo, wifi anasema nimeficha ugonjwa, mama mkwe kaja na chupa ya dawa za mizizi.

Hapa ndipo wengi huchoka kuliko kwenye ugonjwa wenyewe. Teueni msemaji mmoja, na ikiwezekana asiwe wewe: shemeji mtulivu, au mtoto mkubwa. Yeye aandike taarifa moja kila jioni kwenye kundi la WhatsApp la familia, na simu zote zielekezwe kwake. Mwingine ashike michango na aandike nani katoa nini. Hospitali nayo ipewe jina moja la ndugu wa kupigiwa, maana daktari akitoa maelezo kwa watu watano, jioni kutakuwa na magonjwa matano.

Kuhusu chupa, usimrushie mama maneno. Yeye pia ana mtoto ICU. Mwambie: "Mama, dawa aliyopewa inafanya damu iwe nyepesi. Ya kwako ikiongeza kidogo tu, damu itamwagika ndani. Tumwonyeshe daktari kwanza." Huo ndio ukweli, hujamdanganya: mizizi na mitishamba mingine hugongana na dawa za damu, na mingine huchosha figo. Dua, kisomo na maombi havigongani na dawa yoyote, ilimradi mafuta na maji ya kuombewa visiingie kinywani bila nesi kujua. Na supu ya kongoro wanayoibeba kwa mapenzi makubwa, wailete wale waliokaa kwenye benchi, wewe ukiwemo.

Hela imeisha.

Sema mapema, usingoje siku ya kuruhusiwa. Hospitali za serikali zina maafisa ustawi wa jamii, na kazi yao mojawapo ni kuwasikiliza walioshindwa kulipa. Nenda na barua ya serikali ya mtaa. Mwenye bima aulize siku ya kwanza stenti ngapi zinalipiwa na dawa zipi haziko kwenye kadi.

Mimi sili, silali, nikisikia simu ya usiku natetemeka. Ni kawaida?

Ni kawaida kwa siku za mwanzo, lakini si ya kupuuzwa. Watafiti wa Denmark walifuatilia kumbukumbu za nchi nzima wakaona kwamba wenzi wa waliopata shambulio la moyo walianza kutumia dawa za sonona zaidi ya awali, hata pale mgonjwa alipopona. Wanaume ndio walioumia zaidi, na sishangai: mwanamume aliyelaza mke wake huulizwa habari za mgonjwa na habari za bili, basi. Hakuna anayemuuliza kama amekula.

Panga zamu za kuuguza na uzifuate. Siku ambayo si zamu yako, lala kwako, zima simu, mwachie msemaji. Na ukiwa pale pale hospitali, pima presha yako na sukari. Mmekula chungu kimoja miaka yote, chumvi ileile, mafuta yaleyale, na kwa umri wenu huenda na wewe una presha bila kujua. Ikisoma 140/90 au zaidi, irudie siku nyingine na umwone daktari. Kama ni wewe mwenye dawa za presha, je, umezinywa wiki hii?

Amerudi nyumbani, lakini si yule. Anafoka, halafu analia peke yake. Nimemfungia kazi zote asichoke.

Karibu mtu 1 kati ya 5 hupata sonona baada ya shambulio la moyo, na kwa wanaume wetu mara nyingi hutokea kwa sura ya hasira. Hali ikizidi wiki mbili, halali, hataki kuona watu, anasema heri angekufa, irudishe kliniki kama sehemu ya ugonjwa wa moyo. Na kumlea kama yai kunamuumiza. Daktari akisema atembee dakika kumi, mwache atembee, nenda naye, kesho muongeze kidogo. Mtu aliyekuwa anaendesha nyumba akikatazwa hata kubeba kikombe, anaelewa kwamba amekufa nusu.

Naona aibu kuuliza: unyumba je?

Wagonjwa wengi wasio na matatizo mengine huambiwa wiki 4 hadi 6. Kipimo cha nyumbani ni ngazi: akipanda ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila maumivu wala kuhema kupita kiasi, moyo unaweza. Hofu huwa kubwa kuliko hatari, na mara nyingi mwenye hofu ni mwenzi, si mgonjwa. Baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu, kwa hiyo likitokea hilo arudi kwa daktari, asiende kwa muuza vumbi.

Anajisikia mzima, ameacha dawa. Anasema hela bora tulipe ada.

Aliyewekewa stenti mara nyingi hutumia aspirini pamoja na clopidogrel, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, kwa muda, kwa kawaida hadi miezi 12, kisha huendelea na aspirini. Akiziacha ghafla miezi ya mwanzo, damu inaweza kuganda ndani ya ile stenti na mshipa ukaziba upya. Shambulio la namna hiyo huwa baya. Hata akienda kung'oa jino, aseme kwanza ana stenti. Asiache dawa kwa neno la mtu mwingine.

Hela ikiwa ndogo, usimwache apunguze kimyakimya kwa kuruka siku. Nenda na karatasi ya dawa kwa daktari, muulize ipi ni ya lazima na ipi ina aina ya bei nafuu yenye kazi ileile; aspirini ni rahisi, na clopidogrel inapatikana kwa majina mengi yanayopishana sana bei. Nunueni hizo kwanza, mshahara ukitoka, kabla ya kitu kingine.

Maumivu yakirudi, usianze tena habari za gesi. Angalia saa, uiandike, mwondoke.