Jua Lipo, Vitamini D Haipo

"Daktari, na jua lote hili la Dar?" Ndivyo wanavyoniuliza akina mama ninapowaambia kuwa miguu ya mtoto imepinda kwa kukosa vitamini D. Wana haki ya kushangaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu za Wamaasai na Wahadzabe, watu wanaoshinda nje, ukakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita. Kwa afya ya mifupa, 50 inatosha. Jua letu halina kasoro.

Tatizo ni kwamba haliifikii ngozi. Vitamini hii huanza kutengenezwa kwenye ngozi inapopigwa na mionzi ya jua iitwayo UVB, halafu ini na figo humalizia kazi. Mionzi hiyo haipenyi kioo cha dirisha, na ngozi nyeusi huihitaji kwa muda mrefu zaidi. Sasa mtazame mtoto wa mjini: chumba kimoja, uchochoro wenye kivuli, mama yuko kazini tangu alfajiri, na dada wa kazi ameagizwa asimtoe nje. Hata lile jua la saa moja asubuhi tunalolisifia lina UVB kidogo mno. Mimi husema saa nne, mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi.

Maziwa ya mama nayo yana vitamini D kidogo. Hiyo si sababu ya kuacha kunyonyesha hata kidogo! Ni sababu ya kumpa mtoto wa chini ya mwaka matone ya yuniti 400 kila siku.

Matege huonekana kwa macho, lakini mimi huanza na vifundo vya mikono, ambavyo hunenepa. Kisha utosi uliochelewa kufunga, meno yaliyochelewa, mtoto asiyetaka kusimama. Wengine huletwa na degedege bila homa, kwa sababu kalsiamu imeshuka kwenye damu, na hapo ni hospitali moja kwa moja. Ila si kila mguu uliopinda ni vitamini D. Chini ya miaka miwili, miguu yote ikipinda sawasawa na mtoto akikua vizuri, mara nyingi hunyooka yenyewe. Na kwa wanaotoka pande za Mlima Meru, lazima niulize maji wanayokunywa na magadi wanayopikia, maana floridi, madini yaliyomo humo, nayo hupinda mifupa.

Tiba ni yuniti 2,000 kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka, 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka mmoja hadi 12, kwa wiki zisizopungua 12. Pamoja na hiyo, miligramu 500 za kalsiamu kila siku, na hapa ndipo wengi huharibu. Vitamini D husaidia utumbo kufyonza kalsiamu. Mtoto anayekula uji mtupu wa sembe hana cha kufyonza. Maziwa, mtindi, na dagaa waliosagwa na mifupa yao vinasaidia sana.

Tafadhali, vile vidonge vya watu wazima vya yuniti 50,000 visitolewe kila siku eti apone haraka. Vikizidi, kalsiamu hupanda, mtoto hutapika, hukosa choo, na figo huumia.

Baada ya miezi mitatu narudia picha ya eksirei. Mifupa huanza kupona mapema; miguu yenyewe huweza kuchukua mwaka au zaidi kunyooka. Anayefikiria upasuaji kabla ya hapo, namsihi asubiri.