Unaumwa miezi na ugonjwa haujulikani: maswali na majibu

Maswali haya ni ya mtu wa Mwanza, Ukerewe au Sengerema ambaye homa, uchovu au tumbo havimwishi, amepima mara kadhaa, na bado hajaambiwa anaumwa nini.

Kila nikipima naambiwa malaria na taifodi. Nimemaliza dozi nne, mbona siponi?

Kabla ya dozi ya tano, uliza ulipimwa kwa kipimo gani. Vipimo vingi vya haraka vya malaria, vile vya tone la damu ya kidoleni, havimtafuti mdudu mwenyewe. Vinatafuta protini anayoiacha, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Ukirudi siku ya kumi ukiwa bado na homa, mstari unaouona unaweza kuwa wa malaria ile ile iliyokwisha tibiwa. Omba damu iangaliwe kwa darubini.

Widal, ile ya taifodi, hupima kinga ya mwili. Kinga hiyo inaweza kuwa ya maambukizi ya zamani, hata ya vijidudu vingine kabisa, kwa hiyo Widal ya siku moja haitoshi kumwanzishia mtu sindano. Kinachothibitisha taifodi ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara kuona kama vijidudu vitakua, tena damu itolewe kabla ya antibayotiki. Hapa ndipo wengi wanapokosea: jioni wananunua siprofloksasini duka la dawa, asubuhi wanakwenda kuotesha, hakioti kitu, nao wanaambiwa hawana tatizo. Dawa ndiyo iliyoficha jibu.

Homa ikija na kuondoka, viungo vikiuma na usiku ukitoa jasho, mwambie daktari kama unakunywa maziwa mabichi au unazalisha na kuchinja mifugo, ili afikirie brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Kikohozi kikifika wiki mbili, toa makohozi yapimwe kifua kikuu. Kipimo cha VVU nacho kifanyike mapema. Kukikwepa kunachelewesha kila kitu.

Choo kimepimwa, kichocho hakijaonekana. Basi sina?

Hapana, si lazima. Kwa njia ya kawaida ya kuhesabu mayai ya kichocho cha tumbo, kioo kimoja hubeba choo cha miligramu 42 hivi, uzito wa kama punje mbili za mchele, na mayai hayatoki sawasawa kila siku. Peleka sampuli mbili au tatu za siku tofauti.

Kichocho cha mkojo kina utaratibu wake. Toa mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na hakikisha matone ya mwisho yameingia kwenye kopo, maana mayai mengi hutoka mwishoni. Mama anayeumwa nyonga au kutoka damu baada ya tendo la ndoa, na ametibiwa magonjwa ya zinaa bila nafuu, aseme wazi kama huwa anaoga au kufua ziwani au kwenye malambo. Kichocho huingia hadi kwenye via vya uzazi, na mkojo wake unaweza kuwa safi.

Praziquantel, dawa ya kichocho, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshiba. Dawa hii haiui minyoo michanga, ndiyo maana wakati mwingine dozi hurudiwa baada ya wiki nne hadi sita.

Niende kwa daktari na nini?

Daftari. Wiki mbili za kuandika kila siku zinatosha kuanzia. Mstari mmoja uwe hivi:

*Jumanne. Saa 9 usiku jasho, nimebadili shuka. Joto 38.4, kabla ya dawa. Parasetamoli 2, saa 11 alfajiri. Jana nilikuwa mwaloni, majini hadi magotini.*

Joto lipimwe kabla ya kumeza kitu, la sivyo namba hiyo ni ya dawa. Ukurasa wa kwanza uorodheshe vipimo vyote, tarehe na majibu, pamoja na dawa zote, za miti shamba zikiwemo. Usione aibu kuzitaja, kwani baadhi huumiza ini au figo na kuvuruga majibu. Vyeti vipige picha kwa simu, na vya karatasi vifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kupanda boti.

Baki na kituo kimoja kinachokufahamu hadi kikupe rufaa, iwe ya hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, Mwanza. Ukirukaruka, kila kituo kitaanza upya na malaria. Kabla ya kutoka chumbani uliza: kipimo hiki kinatafuta nini, na kikitoka safi, tunafuata nini?

Nafanyaje kazi wakati nasubiri?

Gawa kazi ya kuinama na kubeba katika vipande vifupi, na upumzike *kabla* hujachoka. Ukiitumia siku nzuri kufanya kazi ya siku tatu, kesho yake hutaamka. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani. Dawa ya maumivu ya diklofenaki, ikimezwa kila siku, huchubua tumbo na kuumiza figo. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ukiinunua bila daktari huleta nafuu ya haraka, huku ikificha ugonjwa na kupandisha sukari.

Vipimo vyote safi, na nyumbani wanasema nadeka.

Hudeki. Kipimo safi kimeondoa ugonjwa kiliotumwa kuutafuta, basi. Yapo pia maumivu ya kweli yanayotokana na jinsi neva na utumbo vinavyofanya kazi, ambayo hayaonekani kwenye damu wala altrasaundi, na yana matibabu. Daktari akiuliza kuhusu usingizi na huzuni, hajakuita mwongo. Mjibu, kwa sababu sonona nayo huchosha mwili. Nenda na mtu wa nyumbani asikie mwenyewe.

Lini nisisubiri?

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho ya njano, kupumua kwa shida, kuzimia, kupooza upande mmoja, kuchanganyikiwa, au shingo kukakamaa pamoja na homa. Ukiwa kisiwani, fika zahanati saa hiyo hiyo ili usafiri wa dharura utafutwe. Usingoje boti ya asubuhi.