Kalori si kirutubisho

Juzi kwenye daladala ya Mwanakwerekwe, siti ya mbele yangu walikaa mabibi wawili wametoka shughulini, kanga bado zanukia udi. Wamekula sinia moja, na sasa kila mtu na simu yake anatia alichokula kwenye ile programu ya kuhesabu. Mmoja akamwambia mwenziwe: "Shoga, tazama! Pilau yangu ina virutubisho 500, yako 300 tu." Nikanyamaza, maana si mazungumzo yangu. Lakini neno hilo nimeshalisikia mara nyingi mno, kwa hivyo leo nalisema.

Kalori ni kipimo cha nishati ambayo mwili huipata kwenye chakula. Kirutubisho ni kile kitu chenyewe kilichomo: protini, wanga, mafuta, vitamini, madini. Maana imekwisha.

Kinachonikera ni kuvichanganya. Kibaba nacho ni kipimo, lakini hakuna aliyewahi kupika kibaba. Mtu hupika kibaba cha mchele. Ukilikata embe hutaikuta kalori humo, hata kwa hadubini. Utakuta wanga, na gramu 1 ya wanga humpa mtu kalori 4 hivi. Protini nayo 4, mafuta 9. Namba hizo chimbuko lake ni kazi ya Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo hesabu za simuni zinaziegemea. Vitamini na madini ni virutubisho, tena vya lazima, na havitoi kalori hata moja. Ndiyo maana chupa ya soda huja na kalori za kutosha bila cha maana kingine, na fungu la mchicha likawa kinyume chake.

Asili ya neno kalori ni Kilatini, calor, yaani joto. Karne ya 18 huko Ufaransa, mwanakemia Lavoisier na wenziwe waliliona joto kama kimiminika kisichoonekana, kinaingia kwenye vitu na kutoka, wakakiita calorique. Basi mabibi wa daladala wasione haya. Mabingwa nao waliwahi kudhani ni kitu. Nadharia ile baadaye ilikufa, neno likabaki. Mfaransa mwengine, Nicolas Clément, alikuwa ameshalifanya kipimo: joto la kupandisha kilo 1 ya maji kwa digrii 1 ya Selsiasi. Baadaye ikazuka kalori ndogo, ya gramu 1 ya maji, na hapo ndipo palipoingia fujo. Pakti ya biskuti huandika kcal, yaani kilokalori, kalori ndogo 1,000, simu huandika kalori, na zote mbili ni ile kubwa. Mpwa wangu alizidisha mara 1,000, akairudisha biskuti mezani kama aliyeona nge.

Tena kwa kuwa ni joto, wapo wanaoliingiza kwenye mambo ya vyakula vya moto na vya baridi. Shangazi yangu anashikilia kwamba dafu halina kalori kwa sababu ni la baridi. Hiyo ni tiba ya wazee, ina hesabu zake. Maji ya dafu yana sukari, na penye sukari pana kalori.

Kirutubisho kimetoka kwenye rutuba, ambayo kwa Kiarabu asili yake ni unyevu. Sisi tukaipa shamba, kisha kwa shamba ikafika sahanini. Kirutubisho hulisha, hakipimi.

Na zile 500 na 300? Nilichungulia, Mungu anisamehe. Wa pili hakuiona pilau kwenye orodha, akachagua wali mweupe uliochemshwa kwa maji. Samli, nyama na mbatata vyote vikabaki nje ya hesabu, ingawa tumboni vimo. Kwa hivyo, bibi, siku nyengine sema "pilau yangu ina kalori 500," na umwambie shoga yako atie na samli.