Kuotesha sakulenti kwa vipande: acha kidonda kikauke kwanza

Watu wengi wakishakata kipande cha sakulenti (mimea yenye majani au shina nene linalohifadhi maji) wanakimbilia kukichomeka kwenye udongo na kumwagia maji siku hiyohiyo, na hapo ndo kinapoozea. Jani la sakulenti lenyewe limejaa maji, linaweza kukaa wiki kadhaa bila mzizi hata mmoja, kwa hiyo halina kiu, lina kidonda kibichi tu, na kidonda kibichi kikikutana na udongo wenye unyevu fangasi wanaingia bila hodi. Liweke kivulini penye hewa siku 3 mpaka 7, kipande cha shina nene hata zaidi, mpaka palipokatwa pawe pakavu na pagumu ukigusa.

Echeveria, sakulenti fupi yenye majani manene yaliyopangika kama ua, unaotesha kwa jani mojamoja. Shika jani karibu kabisa na shina, lisukume taratibu kushoto kulia mpaka liachie lote. Kagua kitako chake, kiwe kizima, maana mche mpya unatokea palepale, jani likikatikia juu ya hapo mara nyingi hupati kitu. Likikauka lilaze juu ya udongo, usilifukie. Baada ya wiki chache utaona vinyuzi vya pinki, hiyo ndo mizizi, halafu vijani vidogo vimejikusanya kama ua dogo. Jani mama litaanza kusinyaa na mtatamani kulibandua, msiliguse jamani, mche bado unalinyonya.

Sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga, unakata jani vipande vya sentimita 7 hadi 10, ila weka alama upande wa chini kwa sababu ukikipanda kichwa chini hakioti. Na kama yako ina ukingo wa njano, mche wa jani utatoka kijani kitupu, ukitaka ukingo ubaki tenganisha vichipukizi pamoja na mizizi yake. Aeonium, ile yenye majani yaliyojikusanya kama ua kwenye ncha ya shina, usihangaike na majani, kata kichwa na kipande cha shina.

Udongo changanya nusu kwa nusu na mchanga wa chengachenga au kokoto ndogo, chungu kiwe na tundu. Mwanga mwingi, lakini sio jua kali la mchana.

Maji anza mizizi ikishatokea: lowesha mpaka yatoke chini, halafu subiri udongo ukauke wote. Jani likikunjamana lakini bado gumu lina kiu, likilainika na kuwa kama la kioo limeoza, litoe haraka kabla halijaambukiza mengine.