Kabla hujafuta Windows kwa sababu ya asilimia za GPU

Picha ninayotumiwa na watu mara nyingi kuliko zote ni ya Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nini: safu ya GPU, yaani kadi ya grafiki, inasoma asilimia 40, pengine 60, na chini yake swali, "Sijafungua kitu chochote, hii inatoka wapi?" Mwenye swali huwa ameshaondoa draiva, zile programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi, na kuziweka upya, na sasa anajiandaa kufuta kila kitu aanze upya. Namsihi asubiri. Kompyuta nyingi zilizopita mikononi mwangu na tatizo hili zilipona bila kufutwa chochote, na nyingine hazikuwa zinaumwa.

Tuanze na namba yenyewe, maana ndiyo inayopotosha. Asilimia ya GPU haipimi nguvu iliyotumika, inapima muda: katika kipindi kifupi kilichopita, kadi ya grafiki ilikuwa na shughuli kwa sehemu gani ya kipindi hicho. Na kadi za kisasa hazikai kwenye kasi moja. Zikikosa kazi hujishusha zenyewe ili kupunguza umeme na joto, kiasi kwamba kadi inayofika megahezi 1,800 kwenye gemu inaweza kuteremka hadi 300 au chini ya hapo ukiwa unatazama eneo-kazi tupu. Kazi ndogo ambayo ingechukua asilimia 5 ya muda kwa megahezi 1,800 itachukua karibu asilimia 30 kwa megahezi 300. Kazi haijaongezeka hata chembe. Kadi imepunguza mwendo tu, kwa hiyo inatumia muda mrefu zaidi kumaliza jambo lilelile.

Ndiyo maana swali langu la kwanza ni: wati ngapi? Fungua GPU-Z au HWiNFO, programu za kusoma vipimo vya kompyuta, uangalie umeme unaoliwa na kadi pamoja na kasi yake. Kwa kadi za NVIDIA, amri ya nvidia-smi, unayoiandika kwenye dirisha la amri, inatosha: inaonyesha wati zinazotumika kando ya kikomo cha kadi, na hali ya utendaji kuanzia P0, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Kadi iliyopumzika mara nyingi utaikuta kwenye P8. Ukiona asilimia 35 lakini kadi iko P8 na inakula wati 15 kati ya 200, kadi hiyo inasinzia.

Kompyuta yangu mwenyewe ilinisumbua wiki nzima kabla sijajifunza kuangalia hivyo. Nilikuwa nasoma barua pepe, kadi inaonyesha asilimia 38. Nilibadilisha draiva mara mbili, nikazima huduma moja baada ya nyingine, hakuna kilichobadilika. Siku nilipoangalia wati nikakuta 17, na kasi megahezi 210. Kilichokuwa kinaipa kadi shughuli ni kijiprogramu cha kuonyesha mawimbi ya sauti kwenye kona ya skrini ya pili, kinachocheza muda wote hata muziki ukiwa umezimwa. Nilikifunga, na namba ikashuka hadi 3.

Ukishajua kwamba wati kweli ziko juu, ndipo utafute nani anayezila. Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: namba moja ya GPU unayoiona kwenye orodha ya programu si jumla. Ndani ya kadi mna injini kadhaa, kila moja na kazi yake. Ipo ya kuchora, inayoandikwa 3D. Ipo ya kufungua video, Video Decode. Ipo ya kurekodi video, Video Encode. Na ipo ya kunakili data, Copy. Task Manager huchukua injini yenye shughuli nyingi kuliko nyingine na kukuonyesha hiyo tu. Bofya kulia kwenye vichwa vya safu, ongeza safu ya GPU Engine, na kila programu itaandikiwa injini inayoitumia. Safu hizi zipo tangu sasisho la Windows 10 la mwishoni mwa 2017. Usipoziona kabisa, draiva yako huenda ni ya zamani mno.

Kwenye laptopu, soma pia namba iliyo mbele ya jina la injini. GPU 0 mara nyingi ni ile ndogo iliyomo ndani ya prosesa, na GPU 1 ndiyo kadi kubwa. Nimeona mtu akisafisha feni na kupaka upya dawa ya kupitisha joto kwenye kadi kubwa, wakati asilimia 70 zilizomtisha zilikuwa za ile ndogo.

Injini ikishajulikana, mengi hujieleza. Video Decode ikiwa juu, kuna video inacheza mahali fulani, hata kwenye kichupo ulichokisahau. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc, kivinjari kitakuonyesha orodha yake chenyewe, kichupo kwa kichupo. Video Encode ikiwa juu na wewe hurekodi, kuna programu inayohifadhi dakika za mwisho za skrini ili uweze kuzirudia baadaye. Xbox Game Bar inao uwezo huo, na programu za watengenezaji wa kadi pia. Izime kama huitumii.

Injini ya 3D ndiyo yenye mambo mengi, na jina linaloonekana hapo mara kwa mara ni dwm.exe. Hiki si kirusi. Ni sehemu ya Windows iliyokuja na Vista, na kazi yake ni kuyakusanya madirisha yote yaliyo wazi na kuyapanga kuwa picha moja inayokwenda kwenye skrini. Skrini isipobadilika, dwm hupumzika. Lakini kitu kidogo kikicheza, hata saa yenye mshale wa sekunde unaoteleza, lazima aipange picha upya, na anaweza kufanya hivyo kila skrini inapojichora. Kwenye skrini ya hezi 60 hiyo ni mara 60 kwa sekunde. Kwenye ya hezi 144, mara 144. Ukiwa na skrini mbili, au picha ya nyuma inayocheza kama video, hesabu inapanda haraka. Kipimo chake ni rahisi: shusha skrini hadi hezi 60 kwa dakika moja uone namba inafanya nini, kisha funga kimoja kimoja kila kinachosogea. Usijaribu kumuua dwm. Atarudi mwenyewe papo hapo, na skrini yako itamulika kwa sekunde moja bila faida.

Kivinjari nacho hutokea sana kwenye 3D, na ushauri unaosambaa kila mahali ni kuzima matumizi ya kadi kwenye mipangilio yake. Siupendi. Ukizima, kazi haipotei, inahamia kwenye prosesa, ambayo kwa video na kurasa zenye michoro huifanya kwa taabu zaidi na kula umeme zaidi. Zima kwa dakika tano kama kipimo tu, kisha uwashe. Kama tofauti ni kubwa, tafuta ukurasa au kiendelezi kinachosababisha, kwa sababu mara nyingi ni kimoja tu.

Kuhusu gemu, asilimia 97 au 99 ukiwa unacheza ni sawa kabisa, hapo kadi inafanya kazi uliyoinunulia. Tatizo ni menyu. Gemu isiyo na kikomo cha fremu, yaani picha inazochora kwa sekunde, inaweza kuchora menyu tupu mara mamia kwa sekunde, feni zikapiga kelele kuliko kwenye mapambano yenyewe. Weka kikomo cha fremu kinacholingana na skrini yako, ndani ya gemu au kwenye mipangilio ya draiva.

Halafu kuna hofu ambayo kila mtu anayo: kwamba kuna mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa kompyuta yako, yaani anaifanyisha kwa siri hesabu zinazomletea sarafu hizo. Hutokea, hasa kwa waliosakinisha programu zilizovunjwa ulinzi, na sitaki uipuuze. Ila hali imebadilika. Ethereum, sarafu iliyokuwa ikichimbwa zaidi kwa kadi za grafiki, iliacha uchimbaji huo Septemba 2022, na Monero, inayopendwa na wahalifu, tangu mwishoni mwa 2019 inatumia hesabu zinazoipendelea prosesa. Kwa hiyo mchimbaji wa kujificha leo una uwezekano mkubwa zaidi wa kumkuta kwenye prosesa.

Ukiwa bado na shaka, jua kwamba baadhi ya wachimbaji hao husimama mara tu unapofungua Task Manager. Dalili yake ni feni zinazopiga kelele ukiwa mbali na kutulia ukifungua dirisha hilo. Usimvizie kwa macho, weka kumbukumbu: kwenye GPU-Z, ukurasa wa vipimo una kisanduku cha kuandika kila kitu kwenye faili. Kiwashe, funga Task Manager, ondoka nusu saa, rudi usome. Wati zilizokaa juu dakika zote ulizokuwa nje, huku kompyuta haikuachiwa kazi yoyote, ni sababu tosha ya kufanya ukaguzi kamili wa virusi kabla kompyuta haijawasha Windows.

Draiva naiweka mwisho, na kwa sharti moja tu: tatizo liwe limeanza siku ileile iliyoingia draiva mpya. Hapo rudi kwenye ya awali kupitia Device Manager. Kuondoa zote kwa DDU, programu ya kufuta draiva hadi mabaki yake, ni hatua ya baada ya hiyo kushindwa.

Na ipo hali ya kinyume ambayo asilimia haikuonyeshi kabisa. Skrini mbili zenye hezi tofauti, au moja yenye hezi nyingi sana, zinaweza kuizuia kumbukumbu ya kadi isishuke kasi. GPU itasoma asilimia 2, ilhali wati zimekaa juu usiku kucha na kadi ina joto. Ukikuta hivyo, jaribu kuzipa skrini zote mbili hezi zinazolingana, au ishushe ile ya juu ngazi moja, kisha uangalie wati tena.