Kejeli za siasa mtandaoni: yanayosemwa na yalivyo

"Ni utani tu, kila mtu anaelewa."
Hapa ndipo penye kazi. Mtu anatengeneza picha ya waziri, anaweka rangi na nembo ya kituo cha televisheni, kisha chini yake sentensi ambayo waziri hajawahi kuitamka. Kwenye akaunti yake hakuna tatizo, maana wafuasi wamemzoea. Lakini anatokea mmoja anapiga skrinshoti, anakata jina la akaunti, anaitupa kwenye grupu la familia. Ikimfikia shangazi imeshakuwa habari, tena yenye nembo. Katuni haina shida hiyo: Gado, Mtanzania aliyeanza kuchorea Daily Nation ya Kenya mwaka 1992, hakuna aliyewahi kudhani michoro yake ni ushahidi. Kwa hiyo anayeazima nembo ya chombo cha habari aandike "kejeli" katikati ya picha, si kwenye maelezo ya chini. Akikataa, basi anataka tuamini, si tucheke.

"Kumdhihaki kiongozi ni kosa la jinai."
Kuudhi mkubwa si kuvunja sheria, ingawa mkubwa mwenye polisi huisahau tofauti hiyo. Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Tanzania baada ya video ambamo aliicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli, suti ikimpwaya. Mashtaka yaliyofuata yalihusu usajili wa laini ya simu! Kenya nako, mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoadhibu kudunisha mamlaka ya afisa wa umma.

"Mambo haya ni ya kizungu."
Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akiwarushia mahasimu wa Wamazrui, watawala wa mji huo enzi hizo, vijembe vya beti tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Tuendelee.

"Kiongozi ni mali ya umma, chochote chake kinachekeka."
Sera zake, ahadi zake, msafara wake wa magari: chekeni mpaka mbavu ziume. Ila wanasiasa wanawake huchekwa maumbo na ndoa zao, na wengine huchekwa kabila. Ukiondoa umbo au kabila na kichekesho kikafa, basi hakikuwa na siasa ndani yake. Kenya, ibara ya 33 ya Katiba hailindi matamshi ya chuki wala uchochezi wa vurugu, hata yakija na kicheko.

"Akivuka mpaka, atakachofanyiwa amejitakia."
Mwishoni mwa 2024 zilizagaa picha za akili mnemba zikimwonyesha Rais William Ruto ndani ya jeneza. Mimi sizipendi, kwetu huo ni uchuro. Lakini ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kibet Bull, aliyejulikana kwa michoro ya kivuli iliyomkejeli Rais, alitoweka mkesha wa Krismasi mwaka huo. Alionekana tena Januari 2025, takribani wiki mbili baadaye.