“Katika biashara”: lini kanuni za shehena hatari hufanya kazi ndani ya uzio wa serikali ya Marekani

Kanuni za Marekani za kusafirisha shehena hatari zimo katika sehemu ya 171 hadi 180 za Kitabu cha 49 cha kanuni za shirikisho, na husimamiwa na PHMSA, shirika lililo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Zinambana anayesafirisha shehena hatari “katika biashara” na anayeitoa isafirishwe hivyo. Kwa hiyo, lori linapohamisha mapipa ya asidi kutoka jengo moja hadi jingine ndani ya kituo cha jeshi au maabara ya nyuklia, jambo la kwanza kujua ni kama safari hiyo iko katika biashara.

Wengi hudhani kuwa jibu linatokana na umiliki: ardhi ni ya serikali, barabara imejengwa na serikali, basi kanuni haziingii. Sivyo. Kinachopimwa ni kama mtu wa kawaida anaweza kufika kwenye barabara ile. Barabara inaweza kuwa mali ya serikali kwa kila hali, lakini ikiwa watu huipita bila kuzuiwa mahali popote, wakiwemo jamaa za wafanyakazi, shehena inayopita hapo iko katika biashara. Barabara ambayo wakati wote hufikiwa kupitia geti lenye walinzi iko nje ya biashara. Neno “wakati wote” lina uzito wake. Geti linalolindwa usiku tu na kuachwa wazi mchana halitoshi, na kibao cha “Usiingie” kisicho na mtu wa kumzuia anayeingia si udhibiti.

Kifungu chenyewe ni 171.1(d)(4). Kinaondoa kwenye kanuni mwendo wa gari au treni unaofanyika wote ndani ya mpaka mmoja unaoungana wa kituo, mahali ambapo umma umezuiwa kuingia. Mwendo ukipita juu ya barabara ya umma au ukiikata, kanuni zinarudi, isipokuwa kama barabara hiyo imezuiwa kwa taa, ishara, mageti au vizuizi vya namna hiyo. Kwa treni, reli iliyo sehemu ya mtandao wa jumla wa reli huchukuliwa kama barabara ya umma.

Hapa ndipo vituo vikubwa, kama vile vya nyuklia vya Wizara ya Nishati, hupata taabu. Barabara ya jimbo namba 125 inapita ndani ya Savannah River Site huko South Carolina, na magari ya watu huitumia kila siku. Hanford, katika jimbo la Washington, inapitiwa na barabara ya jimbo namba 240. Idaho National Laboratory imekatwa na barabara kuu za US 20 na US 26. Ukiangalia ramani ya umiliki, pande zote mbili za barabara ni za kituo kilekile, lakini lori likiingia kwenye lami ile limetoka ndani ya uzio.

Njia ya kuvuka bila kuingia katika biashara ni kufunga kipande kile cha barabara kwa muda. Masharti ni mawili. Anayefunga awe na mamlaka ya kisheria juu ya barabara hiyo, na umma uzuiwe kwa kweli, pande zote, hadi shehena ipite. Mlinzi wa kituo aliyesimama na bendera kwenye barabara ya jimbo, bila makubaliano na polisi au idara ya barabara ya jimbo, hatimizi sharti la kwanza. Gari la kusindikiza lenye taa zinazomweka, huku magari mengine yakiendelea kupishana na lori, halitimizi la pili. Kufunga barabara kila mara huchosha kila mtu, na ndiyo maana maabara ya Idaho ilijenga barabara yake ya ndani ili shehena kati ya maeneo yake zisilazimike kutumia US 20.

Baada ya barabara, tazama anayeendesha. Kifungu cha 171.1(d)(5) kinaiacha nje ya kanuni shehena iliyo kwenye gari, ndege au chombo cha majini kinachoendeshwa na mfanyakazi wa serikali kwa shughuli za serikali zisizo za kibiashara. Askari anayeendesha lori la jeshi lenye mafuta yumo humo hata kwenye barabara kuu, ingawa jeshi lina taratibu zake za ndani ambazo lazima azifuate. Mfanyakazi wa kampuni ya mkataba hayumo. Kosa hili hutokea sana kwenye maabara za Wizara ya Nishati, ambazo nyingi huendeshwa na wakandarasi: gari lina namba za serikali, mzigo ni wa serikali, lakini dereva analipwa na kampuni. Sheria ya shirikisho ya shehena hatari, kifungu cha 5126, inasema wazi kwamba anayesafirisha shehena hatari kwa mkataba na serikali anafuata sheria ileile kama mtu mwingine yeyote.

Kuna pia msamaha mwembamba wa 173.7(b) kwa shehena za usalama wa taifa zinazosafirishwa chini ya Wizara ya Ulinzi au ya Nishati na kusindikizwa na watu walioteuliwa mahususi kwa kazi hiyo. Usiutegemee kwa mapipa ya kawaida ya maabara.

Uzio pia haukingi kazi za maandalizi. Kujaza pipa, kulifunga, kubandika lebo na kutia saini hati ya shehena inayokwenda nje ni kazi zilizo ndani ya kanuni, hata kama zinafanyika mita mia ndani ya geti. Anayezifanya lazima awe na mafunzo, na ayarudie angalau kila baada ya miaka 3. Vilevile lori la kampuni linaloleta mzigo kutoka nje haliachi kuwa safarini likishapita geti. Safari huisha shehena inapokabidhiwa mahali palipoandikwa kwenye hati, kwa hiyo dereva asivue vibao vya hatari kwa sababu tu ameingia ndani.

Kosa linalogharimu zaidi ni la vifungashio. Taka za kemikali zinawekwa kwenye pipa lisilo na alama ya Umoja wa Mataifa, yaani ile inayoonyesha kuwa pipa limepimwa na kufaa kusafirishia shehena hatari, kwa kuwa “haliendi popote”. Miezi michache baadaye ghala linahamishiwa ng'ambo ya barabara ya umma. Sasa zinahitajika hati ya shehena, namba ya simu ya dharura inayopokewa muda wote shehena iko safarini, alama, lebo, na kwa makundi mengi ya hatari vibao kwenye lori uzito wa jumla ukifika kilo 454 (pauni 1,001). Baadhi ya makundi, kama gesi za sumu au vitu vinavyowaka vikiguswa na maji, hudai vibao kwa kiasi chochote. Karatasi na vibao hupatikana siku hiyohiyo. Pipa lisilofaa halirekebishiki. Taka lazima zihamishiwe kwenye pipa jingine, na kumimina upya ndiko kunakomwaga na kuunguza watu. Kama kuna uwezekano wowote wa mzigo kutoka nje, tumia pipa lililoidhinishwa tangu mwanzo.

Kuwa nje ya kanuni za usafirishaji si kuwa huru. Wizara ya Nishati, kupitia agizo lake la 460.1, hudai mwendo wa ndani uwe na usalama unaolingana na ule wa kanuni au ueleze katika waraka wa usalama jinsi hatari itakavyodhibitiwa. Kwa taka hatari, kanuni za mazingira zinaruhusu kuzihamisha bila waraka wa ufuatiliaji ndani au kando ya mpaka wa ardhi inayoungana ya mmiliki mmoja, hata kwenye njia ya umma, lakini zikimwagika wajibu wa kuchukua hatua na kusafisha unabaki palepale. Angalia kuwa mpaka huu si ule wa PHMSA: mapipa yanaweza kusamehewa waraka wa taka na bado yakadaiwa hati ya shehena, kwenye barabara ileile.